Mpangaji Wetu na Kona za Platini

Wivu ndio ulionifundisha kemia. Shuleni sikufika mbali nayo, na kazi yangu ilikuwa kufundisha darasa la pili, kusoma na kuandika na kufuta watoto kamasi. Lakini jioni nyingi za miaka ile ya wakimbizi nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, mwiko mkononi, nikitega sikio nisikie mume wangu na mpangaji wetu wanaambiana nini barazani. Kila nilipotegemea maneno ya mapenzi nilisikia platini. Nikasikia nikeli. Nikasikia kona, kingo na nyuso. Mtu akitega sikio muda mrefu namna hiyo, hata kama anatafuta kitu kingine, kuna kitakachombakia kichwani.

Namwita mpangaji kwa sababu ndivyo tulivyomwita nyumbani, ingawa hakulipa kodi na hakuna aliyemdai. Mume wangu alimwita Dokta. Wanafunzi walimwita Madamu. Wanawake wa Nyakahura, kijijini kwetu, walikuwa na jina lao, nao walilisema pale tu walipodhani nimeshapita.

Alitoka Burundi. Huko alifundisha chuo kikuu, na kabla ya hapo alikaa Ulaya akisomea jinsi metali zinavyoharakisha mambo. Vita ilipomfikia alivuka na wenzake kuingia Ngara, akakaa kambini chini ya turubai kama wote. Shule ya sekondari iliyokuwa karibu nasi ilikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi, naye ni mume wangu. Alifundisha fizikia, kemia, na ikibidi jiografia. Mkuu wa shule akasikia kuna mkemia kambini, akahangaikia kibali mpaka akakipata. Siku moja mume wangu akashuka naye kutoka kwenye lori la mahindi, mwanamke mwembamba mwenye begi dogo na ndoo ya plastiki. Tulikuwa na chumba cha uani tulichowekea maharage. Tukahamisha maharage.

"Atakaa mpaka lini?" nilimuuliza mume wangu.

"Mpaka kwao kutulie."

Nikajua hilo si jibu.

Mimi ni Mhangaza wa Bugarama. Lugha yangu na lugha yake ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, na asubuhi tulipoamkiana "bwakeye" hakuna aliyehitaji kurudia. Ningeweza kuwa rafiki yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mume wangu ni Msubi wa hapahapa Biharamulo. Yeye alizungumza naye Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza cha vitabuni. Mpangaji, kama wengi wetu huku, alikuwa akizibadilisha r na l. "Mwarimu," alimwita mume wangu. Mama yangu mzazi alimwita mkwewe hivyohivyo, wala sikuwahi kulisikia. Likitoka kwa yule mwanamke lilinikwaruza kama mchanga kwenye wali.

Wakati ule nilikusanya kasoro zake kama mtu anavyookota kuni, hivyo nazijua vizuri. Hakujua kupika. Mtu aliyeweza kukwambia kwa nini maji huchemka aliacha maharage yaungue huku ameketi mbele yake, akiutazama moshi. Alicheka kwa kuchelewa, wenzake wameshanyamaza. Alivaa sweta moja la kijani, jua liwake lisiwake. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na gari likipita barabarani aligeuka kulitazama, hata padre akiwa ameinua hostia. Darasani, waliniambia, alikuwa mkali hadi chaki zilimwogopa. Lakini nyumbani alicheza rede na binti yangu Leokadia, akipigwa mpira wa soksi mgongoni, akibisha kwamba haukumgusa.

Juu ya watu wake hakusema. Tulijua alikuwa na mume na watoto, na tulijua alikuja peke yake. Zaidi ya hapo mdomo ulifungwa. Alichokizungumzia bila kuombwa ni darubini moja ya Ulaya, kubwa kama kabati, iliyoweza kuonyesha chembe ya platini ambayo hata vumbi mbele yake ni mlima. Aliisema kama wafugaji wa kwetu wanavyomsema ng'ombe waliyemwacha upande wa pili wa mto: tabia zake, siku alizogoma, namna ya kumbembeleza.

Na hayo ndiyo waliyoyazungumza barazani. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa, mwalimu wa darasa la pili.

Ziko gesi mbili zilizo tayari kuungana, lakini zikikutana hewani zinapishana tu kama watu wasiojuana. Ukiweka metali fulani katikati, gesi hizo zinatua juu yake, zinalegea, zinashikana, kisha zinaondoka zikiwa kitu kipya, na metali inabaki kama ilivyokuwa. Metali hiyo ndiyo kichocheo. Ndivyo viwandani mafuta ya maji yanavyogeuzwa kuwa mafuta ya kuganda, kwa nikeli na haidrojeni. Hapo mume wangu alikuwa anapajua. Asichokijua, na ndicho kilichomfanya asahau chai yake ipoe, ni kwamba haitoshi kuuliza metali gani. Inabidi uulize ina umbo gani. Chukua platini ileile, ya uzito uleule, ukuze chembe zake ziwe michemraba midogo. Zitafanya kazi kwa namna moja. Zikuze ziwe kama piramidi. Zitafanya kwa namna nyingine, upesi zaidi au polepole zaidi, na wakati mwingine kitakachotoka ni kitu tofauti kabisa.

"Kwa nini, Dokta, ikiwa ni platini ileile?"

"Kwa sababu vitu havikutani vizima, Mwarimu. Vinakutana kwa nyuso. Kila uso umepanga atomu zake kivyake. Na atomu iliyo konani ina majirani wachache, kwa hiyo mikono yake iko wazi. Kinachopita, inakidaka."

Mume wangu akacheka. Hakukuwa na kichekesho. Alicheka kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mimi nilikuwa jikoni na nilikijua kicheko kile. Mara ya mwisho nilikisikia Leokadia alipozaliwa. Kabla mpangaji hajaja, jioni tulipukuchua mahindi pamoja, mimi na yeye, tukizungumza habari za shamba, za mbuzi, za nani kafiwa. Ghafla habari zangu zote zikawa ndogo. Nilipomwambia kwamba yule mbuzi mweusi ana mimba, alisema "vizuri," halafu akageuka kumuuliza mwenzake joto likipanda inakuwaje.

Mwanamke anayetaka mume wako unaijua dawa yake. Mama yangu alinifundisha, shangazi zangu walinifundisha. Hakuna aliyenifundisha cha kumfanya mwanamke ambaye kila anachokitoa mezani ni platini.

Kulikuwa na siku ya sabuni. Mpangaji hakupenda kitu kipotee. Punje ya mchele ikianguka aliiokota. Lakini siku hiyo alichukua mche wangu wa sabuni ya kufulia, mche mzima niliouleta kutoka gulio la barabarani, akaukata kwa kisu akachonga mchemraba, na mchemraba mwingine uliokatwa kona, na piramidi, na umbo moja la nyuso nane kama piramidi mbili zilizogundishwa matako. Akavipanga dirishani. Mume wangu alikuwa akivipeleka darasani na kuvirudisha amevifunga kwenye leso, kama mayai.

Siku moja nilivichukua, nikaketi kisimani, nikafulia mashati yake yote. Nilifua kwa nguvu. Mpangaji akaja na ndoo yake, akaniona. Nilimngojea aseme neno, maana nilikuwa nimemwandalia majibu. Yeye akachuchumaa, akautazama mchemraba mkononi mwangu.

"Umeona?" akasema. "Kona ndizo zimeisha kwanza."

"Nimeona sabuni yangu," nilimjibu.

"Na platini ni hivyohivyo. Ukiipasha moto sana, atomu za konani zinahama, chembe inakuwa ya mviringo. Zile zinazofanya kazi kuliko wenzao ndizo zisizodumu." Akaanza kuchota maji. "Nitakutafutia sabuni nyingine, Mama Leokadia. Nilikosea kutokuuliza."

Ndiyo kero ya kugombana na mtu wa namna ile. Unamrushia jiwe, analipokea, analigeuzageuza kutazama lina nyuso ngapi.

Basi nikamuuliza wazi. Ilikuwa mchana, Leokadia yuko shule, mume wangu yuko kazini, sisi wawili tunachambua maharage uani. Nikasema kwa Kihangaza, ili asipate mahali pa kujificha, "Unamtaka mume wangu?"

Hakushtuka. Alichambua kwanza ungo ule hadi mwisho.

"Mume wako anauliza maswali mazuri," alisema. "Nilikotoka, waliokuwa wakiniuliza maswali wamekwisha. Kambini waliniuliza jina, kijiji, na tuko wangapi. Yeye ananiuliza kwa nini. Ninachokitaka kwake ni hicho."

"Na kingine?"

"Kingine ni chako. Sijawahi kukitazama."

Angesema ndiyo, ningejua la kufanya. Ningemtupia begi lake barabarani na kijiji kizima kingenipigia vigelegele. Lakini alisema hivyo, na nilimwamini, na wivu wangu haukupungua hata kidogo. Uliongezeka. Kumbe alichokichukua ni kitu ambacho mimi nilikuwa sijui kama mume wangu anacho.

Siku moja nilimwona mpangaji naye akiwa na wivu, na tangu hapo sikumwona kwa jicho lilelile. Padre wetu alikuwa akimpa mume wangu majarida ya Kizungu aliyoletewa, ya zamani na mapya yakiwa yamechanganyika. Mume wangu akakuta katika jarida moja picha ya chembe za platini, michemraba mitupu, imesimama kama nyumba za mjini. Akakimbia nayo mpaka uani kama mtoto aliyeokota shilingi.

"Dokta, tazama. Ni zile zako."

Mpangaji akaishika. Akasoma maelezo yaliyokuwa chini ya picha, akayasoma tena. Kisha akamrudishia.

"Ndiyo," alisema. "Ni zangu. Huyu aliyeandikwa hapa tulikaa meza moja. Mimi nilirudi nyumbani kufundisha, yeye akabaki na darubini."

Akachukua jembe langu. Alikwenda kwenye kishamba cha mihogo nyuma ya nyumba akalima tangu wakati ule mpaka jua likazama, mtu ambaye hakuwahi kulima matuta mawili bila kupumzika. Mume wangu alisimama mlangoni hajui afanye nini. "Nimemkosea nini?" aliniuliza. Mimi nilikuwa nautazama ule mgongo ukiinuka na kushuka, na nilijua ninachokiona. Wivu naujua hata ukinipa kisogo. Nilimpelekea maji ya kunywa. Aliyapokea kwa mikono miwili.

Halafu ikaja amri kwamba wakimbizi wote walioishi nje ya kambi warudishwe kambini. Mgambo na askari walipita kijiji kwa kijiji. Tulisikia wamefika Nyabusozi, tukasikia kwamba watu waliokuwa wamejenga kati ya wenyeji, waliolima, waliozaa, wanapandishwa kwenye malori pamoja na wengine. Kibali cha mpangaji kilikuwa kimekwisha, na mkuu wa shule aliyekihangaikia alikuwa ameshahamishwa. Mume wangu alikuwa Bukoba akisahihisha mitihani.

Walifika kwetu saa za kuanua nguo. Lori lilisimama barabarani limejaa watu. Mwanamke mmoja ndani yake alikuwa amepakata sufuria ya ugali, bado unatoa mvuke. Aliingia uani ofisa mmoja kutoka wilayani, kijana bado, na mgambo wawili, na mwenyekiti wetu wa kitongoji nyuma yao akitazama chini. Majirani wakajikusanya nje ya ua, kama kawaida yao.

"Shikamoo, mama," ofisa alisema. Alikuwa na adabu, nakumbuka hilo.

"Marahaba."

"Tumeambiwa hapa kuna mgeni."

Mpangaji alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo, shati la mume wangu mkononi. Hakukimbia. Alianza kulikunja taratibu, kama mtu anayemaliza kazi kabla ya safari.

Sikuwa nimepanga neno lolote. Watu wameniuliza baadaye nilipata wapi ujasiri, na ukweli ni kwamba haukuwa ujasiri. Nilikuwa nimemchukia mtu yule kwa muda mrefu kiasi kwamba alishakuwa wangu. Sikutaka mwingine aje anichukulie.

"Hapa hakuna mgeni," nilisema. "Huyu ni mke mwenzangu."

Mwenyekiti akainua kichwa.

"Mumeo si mwalimu?" aliuliza ofisa. "Si Mkristo?"

"Ni Mkristo, na ana wake wawili. Mimi ndiye mkubwa. Uliza."

Ofisa akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akajikuna shingo. Lakini kabla hajapata la kusema, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja aliyeuza ndizi, ambaye kwa miaka ile yote hakupumzika kulisema jambo hili kisimani na gulioni, akapaza sauti kutoka kwenye ua.

"Afande, hilo nani asiyelijua? Hapa kwetu hata watoto wanajua. Huyu mama amevumilia mengi."

"Ni kweli," akasema mwingine.

"Kila jioni wako pamoja barazani," akasema wa tatu, "na mke mkubwa yuko jikoni."

Yale maneno yaliyonikosesha usingizi, yaliyonifanya nizunguke njia ya mbali kwenda kisimani ili nisiyasikie, siku ile yalisimama yakatoa ushahidi. Wala hawakuwa wakisema uongo, waliyaamini.

Ofisa akamwendea mpangaji. "Na wewe unasemaje?"

Nilihofu atasema ukweli. Alikuwa mtu wa ukweli hadi anachosha. Alimaliza kukunja shati, akaliweka juu ya mengine.

"Ndiyo, afande. Ni mukeba wangu," alisema, akitumia neno la kwao na la kwetu, kisha akalisema kwa Kiswahili, "mke mwenzangu. Mtazame uso. Ananionea wivu mpaka leo."

Mgambo wakacheka. Ofisa naye akatabasamu, akanitazama, na sijui alikiona nini usoni mwangu lakini kilimtosha. Akamwambia mwenyekiti, "Haya, hawa ni wa kwako," wakatoka.

Lori lilipoondoka tulibaki tumesimama. Mpangaji akakaa chini palepale kwenye vumbi. Mimi nikamaliza kuanua.

Mume wangu alirudi kutoka Bukoba akakuta ana wake wawili. Sikumcheka wakati ule, ingawa baadaye nilicheka. Alikuwa kiongozi wa kwaya. Alikwenda kwa padre akamweleza kila kitu, na padre alimwelewa, lakini alimwambia kwamba watu wanajua wanachokijua. Akipokea komunyo mbele yao itakuwa kashfa, na akiukana uongo ule, mpangaji atapakiwa kwenye lori. Basi mume wangu akaacha kwaya. Jumapili watu walipopanga mstari kwenda altareni alibaki amekaa, mikono magotini, na mimi nikimpita niliona aibu kwa ajili yake, na kwa ajili yangu. Wanawake waliniletea sukari kunipa pole. Mama muuza ndizi alinishika mkono akaniambia nina moyo mkubwa. Nilipokea sukari.

Aliyebadilika zaidi ni mpangaji. Hakukaa tena barazani. Akitoka shule aliingia chumbani kwake, akitoka ni kwenda msalani au kunisaidia kazi. Aliona kwamba nimempa jina langu la mke, basi hakutaka kunichukulia kitu kingine. Mume wangu naye akakaa barazani peke yake na chai yake, akainywa ikiwa ya moto. Tukarudi kupukuchua mahindi, mimi na yeye. Nilimweleza habari za mbuzi, akaniitikia vizuri, akaniuliza maswali ya mbuzi. Ndicho nilichokuwa nikikitaka muda wote ule, na kilipokuja kilikuwa kama chakula cha mgonjwa.

Nilivumilia wiki kadhaa. Kisha jioni moja nilimwita mpangaji aje ale nasi mezani, na tulipokuwa tunanawa nikasema, bila kumtazama yeyote, "Hivi mtu anafanyaje ili chembe iwe mchemraba na isiwe piramidi? Nani anaikata?"

Wote wawili wakanitazama.

"Hakuna anayeikata," mpangaji akasema polepole. "Inakua yenyewe. Lakini unaweka kwenye maji inamokulia kitu kinachopenda kung'ang'ania uso mmoja. Uso ule ukishashikwa haukui upesi. Nyuso nyingine zinakua. Umbo linatokana na mahali iliposhikwa."

"Kwa hiyo ukibadilisha kinachoishika," mume wangu akadakia, akasahau kunawa, "umebadilisha umbo."

"Ndiyo, Mwarimu."

Wakaendelea. Nilikula nikiwasikiliza. Wivu ulikuwepo, ulikaa nami mezani. Lakini nyumba ilikuwa na sauti tena.

Aliishi nasi hadi dada yake alipompata kutoka nchi ya mbali na mipango ya kumhamisha ikakamilika. Alipoondoka, mtaa mzima ulikuja kuniangalia kama nimefurahi. Mume wangu alirudi kwenye kwaya baada ya padre kumruhusu. Watu wakasema mke mdogo ameachwa, wakaridhika.

Miaka ikapita mingi. Leokadia akaolewa. Vijana wakaanza kuchimba dhahabu huku na huko wilayani mwetu, na wengine wao walikuwa wanafunzi wa mume wangu. Kisha yeye akaugua kifua, akaugua muda mrefu, na nikamzika nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na mihogo.

Mpangaji alikuja baada ya hapo. Alishuka kwenye gari dogo barabarani, mzee, nywele zimekuwa nyeupe, anatembelea fimbo, na nilimtambua kwa namna alivyogeuka kulitazama lile gari likiondoka. Alisema siku hizi anakaa Bujumbura, amerudi kufundisha kidogo, na habari za msiba alizipata kwa mwanafunzi wake wa zamani. Majirani waliokuwa bado hai walikuja kumpa mkono wa pole kama mjane. Hakujua aupokee au asiupokee. Nilimwashiria aupokee.

Tulikwenda kaburini wawili tu.

"Aliendelea kuuliza?" aliniuliza.

"Mpaka mwisho."

"Alimuuliza nani?"

"Mimi."

Aligeuka akanitazama, na niliona kitu kikipita usoni mwake haraka, nikakijua ni nini. Sitadanganya, kilinipendeza.

"Alikuuliza nini?"

Ningeweza kumnyima. Nilifikiri kumnyima. Miezi ile ya mwisho ilikuwa yangu, yeye kitandani na mimi pembeni ya kitanda, tukizungumza platini kama watu wazima wengine wanavyozungumza wajukuu, naye akishangaa nimejulia wapi. Lakini swali lenyewe lilikuwa limenishinda, na aliyeliuliza hakupata jibu.

"Dhahabu," nilisema. "Kuna kijana wa machimboni alimletea kipande kidogo akitazame. Akaniuliza: dhahabu imekaa kwenye pete miaka na miaka haifanyi chochote, haishiki kutu, haigusani na kitu. Alisoma kwamba ukiifanya iwe chembe ndogo sana, inaamka, inakuwa kichocheo. Akaniuliza kwa nini, ikiwa ni dhahabu ileile."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui. Nilimwambia mpangaji akija tutamuuliza."

Akaiegemea fimbo yake. Kisha akaanza. Alieleza kwamba katika pete karibu kila atomu imezungukwa na wenzake pande zote, imeshiba, haina haja na mgeni. Lakini katika chembe ndogo, wanayoiita siku hizi nano, nyingi zinajikuta kingoni na konani, na huko zinaweza kuishika hewa inayopita. Akasema inategemea pia chembe imekalishwa juu ya kitu gani, maana kazi nyingine hufanyika pale vinapogusana. Akasema wataalamu bado wanabishana, na yeye ana mawazo yake.

Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa, akikwama alitumia Kirundi, na mimi nilielewa vyote. Lakini hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama udongo. Aliposema "umeona, Mwarimu" ndipo nikajua kwa hakika kwamba hanielezi mimi.

Wivu ukanijia, mbichi kama wa siku ya kwanza. Nikausikia wote. Kisha nikaenda kukaa kwenye majani, mbali kidogo nao, nikamwacha amjibu.